Ulikokwenda Ugonjwa wa Zuberi

Al Wukair, Doha
Ijumaa, 25 Novemba 2016

Dada Nyamizi, Zuberi amekuwa daktari! Zuberi wangu, Zuberi wako, yule uliyemvuta kwa miguu siku anazaliwa kwa sababu aligoma kutanguliza kichwa kama watoto wa wenzetu, leo anavaa koti jeupe na kile kipimo cha kusikilizia moyo kinaning'inia shingoni. Nimeanza na hilo kwa sababu ningetanguliza salamu ningepasuka.

Haya, sasa salamu. Shikamoo dada yangu. Nakusalimu wewe na wote wanaolala uani kwako, waliokuja kwa mgongo, waliokuja kwa tumbo na wale waliokuja kula tu, maana najua hao hawakosi. Nyonga yako inasemaje? Yale mafuta ya kuchua niliyompa Salma mwaka jana yalikufaa, au uliyagawa yote kama kawaida yako? Mvua zimeshashika? Huku kwetu hata wingu la kudanganyia hakuna. Mimi namshukuru Mungu, mzima, nimenenepa kidogo. Wakikwambia nimenenepa sana usiwaamini, hiyo picha alipiga Augustine dereva akiwa chini na mimi niko kwenye ngazi.

Turudi kwa mtoto. Amemaliza chuo mwezi wa kumi, na picha yake nimeiweka kwenye simu, ukiiwasha tu yeye ndiye wa kwanza kukusalimu. Wenyewe chuoni wanasema cheo chake ni tabibu, kwamba daktari ni yule aliyesoma miaka mingi zaidi. Mimi nimemwambia anayempima mtu akamwandikia dawa akapona ni daktari, hayo majina mengine watajuana wao. Nimemwonyesha kila mtu. Madamu wangu, ambaye kumsifu mtu kwake ni kazi nzito, aliishika simu kwa mikono miwili akasema mashallah, mtoto wa mpishi wangu. Mlinzi wa geti la jirani nilimwonyesha mara tatu mpaka akaniambia mama, jana nilishamwona. Augustine, yule Mkenya anayeendesha gari la nyumba, akasema kuanzia sasa haniiti Mama Zuberi, ataniita Mama Daktari, na kwamba nihamie kiti cha nyuma kama bosi, yeye atanifungulia mlango. Nikahamia kweli. Akafungua mlango kweli. Tulicheka mpaka Al Sadd.

Al Sadd ndiko anakoishi Salma na wasafishaji wenzake wa hoteli, chumba kimoja juu ya duka la simu. Ijumaa nikipata ruhusa ya saa chache ndiko tunakokutana wanawake wa kwetu, kila mmoja na sufuria yake. Mimi nabeba pilau, na nasema bila kuficha kwamba la kwangu huisha kwanza, wengine wanarudi na vyakula vyao kama walivyokuja. Ijumaa ile ya mwezi wa kumi nilipeleka pilau na picha ya Zuberi. Na hapo, dada yangu, ndipo shida ilipoanza, na ndiyo sababu naandika barua badala ya kupiga simu. Simu yako inapita kwa Ramadhani, na Ramadhani huweka sauti kubwa uani kila mtu asikie. Utaona mbele kwa nini sitaki asikie.

Wanawake walimsifu mtoto mpaka nikaota mabawa. Mmoja akauliza ni shule gani nzuri hiyo iliyomtoa daktari kijijini. Nikamwambia shule baadaye, kwanza niulizeni kama huyu mtoto alikuwa wa kuishi. Nikawasimulia surua ile ya mwaka tisini na sita. Nikawaambia nina dada, huyo daktari kwake ni mwanafunzi tu, anaunga mfupa uliovunjika, anageuza mtoto tumboni, na mwanangu alipokuwa amelala kama kitambaa kilichoanikwa, macho hayafunguki, dada yangu alichemsha majani, akamwosha siku tatu, siku ya tatu akachukua beseni la maji yale akatoka nalo hageuki nyuma, akayamwaga njia panda, akaukemea ugonjwa uende zake. Kesho yake mtoto akaomba uji.

Mpaka hapo sikusema uongo. Ulifanya hivyo, na aliomba uji.

Kulikuwa na msichana mgeni, Latifa, kaja Doha kama miezi sita, anafanya kazi hoteli moja na Salma. Wa Urambo. Mkimya, mpole, nilimpenda tangu siku ya kwanza kwa sababu alirudia pilau langu mara mbili. Akaniuliza, kwa sauti ndogo tu, huo ugonjwa ulipomwagwa ulikwenda wapi. Dada, hapo ndipo ningesema maji ni maji, yakimwagwa yanakauka. Lakini wote walikuwa wananitazama, vijiko vimesimama hewani, na wewe unanijua mimi nikipata watu wa kunisikiliza. Nikashusha sauti. Nikasema ugonjwa haukai barabarani, lazima upate pa kulala. Nikasema ulikwenda upande wa pili wa njia, kwa jirani, na wiki ile haikuisha mtoto wa jirani akawa amezikwa. Nikasema dada yangu si mtu wa mchezo.

Wengine wakasema audhubillahi, wengine wakacheka kwa woga, Salma akanirushia kitambaa cha meza akaniambia niache kutisha watu wakiwa kwenye chakula. Nami nikacheka, nikajiona msimuliaji hodari. Latifa hakucheka. Aliuliza jina la kijiji. Nikamwambia Itundwe, na nikamwongezea kwa hiari yangu kwamba dada yangu anaitwa Nyamizi, na anajulikana mpaka Kaliua. Akanawa mikono akaaga, akisema ana zamu.

Latifa ni mdogo wake Mama Shija.

Mimi ningejuaje, dada? Mama Shija aliolewa akawa jirani yetu Itundwe, kwao hatukuwahi kufika hata msibani. Huyu Latifa siku zile alikuwa msichana wa miaka kumi na mbili, aliletwa kumsaidia dada yake kulea, na Shija alikuwa analala mgongoni kwake. Huenda nilimwona, nikamsahau kama watu wanavyowasahau wasichana wa kubeba watoto. Yeye naye hakunitambua kwa sura, nimebadilika, lakini hadithi aliijua mwisho wake kabla sijafika. Usiku uleule alimpigia dada yake.

Yaliyofuata kwa upande wako unayajua kuliko mimi. Kwenye simu unasema hamna kitu, watu wana mambo mengi ya kilimo tu ndiyo maana hawaji. Lakini Salma ameniambia yote, na Salma ana binamu hapo hapo Itundwe. Najua kwamba Mama Shija alikaa siku tatu hali chakula, kisha akaenda kwa mwenyekiti wa kitongoji akasema amepata ushahidi kutoka kwa ndugu wa damu wa mchawi mwenyewe. Ndugu wa damu ndiye mimi. Najua kwamba wale uliowaponya ndio wanaoongea zaidi. Ramadhani, ambaye mguu wake uliukusanya vipande vipande kama chungu kilichovunjika, sasa anasema uliujuaje ulipovunjika bila kumpasua, kama si wewe uliyeuvunja. Yule mama wa mapacha anasema ulimwambia watakuwa wawili kabla hospitali haijasema, na mtu wa kawaida anaona vipi ndani ya tumbo la mwenziwe. Wanasema macho yako mekundu. Yasiwe mekundu vipi, na miaka arobaini unapuliza kuni mbichi chini ya vyungu vya dawa zao?

Na najua wamechangishana kuwaita lambalamba waje wasake mchawi. Mweka orodha ya mchango ni Ramadhani, na ndiyo sababu simu yake siitaki.

Nisikufundishe habari za lambalamba. Yule bibi wa ng'ambo ya mto walimnyoa nywele mbele ya wajukuu wake, wakamchanja kwa wembe, wakachimba sakafu yake wakatoa pembe waliyoingia nayo wenyewe kwenye mkoba, watu wakapiga vigelegele. Aliishi siku ngapi baada ya hapo? Wewe ndiye uliyemwosha. Hao wakija kijijini kila mtu lazima awepo, na asiyekuja amejitangaza mwenyewe. Nimeambiwa nyumba zote zimekwisha kuambiwa siku kimyakimya, isipokuwa yako. Kwako watakuja asubuhi hiyo hiyo na ngoma, wakuchukue.

Sasa nikwambie nilivyohangaika, usije ukafikiri nakaa huku napika tu.

Kwanza nilikwenda kwa madamu. Nikamwambia naomba nirudi nyumbani wiki mbili, dada yangu anaonewa. Akauliza anaonewa nini. Neno la uchawi kwa Kiarabu nalijua, dada, lakini sikulitoa. Humu nyumbani mfanyakazi akitaja neno hilo wanaanza kukagua mito yao na kuuliza umeweka nini kwenye chai. Kuna msichana aliyefukuzwa nyumba ya pili kwa kukutwa na kipande cha mzizi wa kutafuna, na alikuwa anaumwa jino. Nikasema dada yangu mgonjwa. Madamu akanionea huruma kweli, akatoa machozi, akasema baada ya harusi ya binti yake, mwezi wa kwanza, inshallah. Ndege siyo tatizo, ningejilipia. Tatizo ni karatasi ya ruhusa ya kutoka, ile wanayoita khuruji, mwenye kuitoa ni kafili, yaani mwajiri anayekudhamini, na kafili ni Baba mwenyewe, mume wa madamu, na Baba amekwenda jangwani Algeria kuwinda kwa kipanga, simu haishiki. Paspoti yangu iko kwenye kabati lake chumbani. Nafuta vumbi la kabati hilo kila Jumatatu.

Pili nilimpigia mtendaji wa kijiji. Alinisikiliza vizuri, akaniita mama yangu, akanipongeza kwa Zuberi. Akasema serikali imepiga marufuku hao watu na barua ya katazo anayo mezani. Nikamwambia basi isome. Akasema akiisoma atalala wapi. Akasema siku hiyo amepata safari ya wilayani.

Tatu nilimfuata Latifa. Nilimngoja nje ya mlango wa wafanyakazi wa hoteli mpaka akatoka, bado ana harufu ya sabuni ya mashuka. Nikampigia magoti pale kando ya barabara, Wahindi wanapita wanatutazama. Nikamwambia nilitia chumvi, binti yangu, nilikuwa nachekesha watu, hakuna ugonjwa uliotumwa. Aliniinua, hata hakunitukana. Aliniambia maneno ambayo siwezi kuyatoa kichwani. Kwamba mtu mzima hajisifu kwa kitu ambacho hakikutokea. Kwamba kwa miaka ishirini dada yake amekuwa akimwuliza Mungu kwa nini Shija, na Mungu hakujibu, mimi ndiye niliyejibu. Kwamba nisimwombe akamwambie jibu lenyewe lilikuwa mzaha wa kwenye pilau. Nikamwomba walau aniambie siku. Akaniambia. Nadhani aliniambia kwa sababu aliona haitasaidia kitu.

Ijumaa iliyofuata nilipoingia chumbani kwa Salma kila mmoja alivuta sufuria yake karibu. Pilau langu halikuguswa. Mmoja akajidai amefunga swaumu, na alikuwa ametoka kutafuna andazi mbele yangu. Mwingine akanong'ona wapokee sufuria kwa mkono wa kulia na bismillahi, wasije wakabebeshwa vya watu. Nilirudi nalo kwenye gari. Augustine aliuliza Mama Daktari leo vipi, nikamwambia aendeshe tu. Alilila yeye na walinzi, wao hawana habari.

Nne nilimpigia Zuberi. Nilidhani atasema mama, hayo ni mambo ya kishamba, yapuuze. Hakusema hivyo. Aliuliza Mama Mkubwa yuko salama? Kisha akaanza kuniuliza maswali, moja moja, kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo, sauti ya kazini. Vipele vilitoka siku gani. Shija aliugua baada ya siku ngapi. Nikahesabu kwenye vidole nikamwambia kama siku kumi. Akasema siku kumi ni sawasawa kabisa. Akaniambia surua haiendi kwa maji, mama, maji hayana neno hata yakimwagwa kitandani kwa mtu. Surua inakwenda kwa pumzi na kikohozi, mtoto akiwa chumba kimoja na mwenziwe inatosha. Akasema Mama Mkubwa alifanya jambo moja kubwa kuliko majani yote, la kumfungia mtoto ndani. Kisha akauliza, taratibu, mama, zile siku mimi nilitoka ndani?

Nikamwambia sikusikii, mtandao mbaya. Nikakata.

Dada, shika vizuri karatasi hii sasa. Kama Salma ndiye anayekusomea kwa sababu ya macho, mwambie akupe, usome mwenyewe polepole.

Siku ya nne, ile aliyoomba uji, ulikuja kuitwa alfajiri kwenda kuzalisha kule Mwenge, ukaondoka na kanga zako. Ulikuwa umetundika tawi mlangoni, watu wajue humu kuna surua, mtu asiingie. Uliniambia ukiwa umeshavuka kizingiti kwamba mtoto wa surua haonyeshwi watu mpaka siku saba zitimie, hata bibi yake mzaa baba akija alie nje. Nikasema ndiyo dada. Unakumbuka nilikuwa nimeshazika wawili kabla ya Zuberi. Unakumbuka Mama Shija alikuwa anasema nini kisimani, kwamba tumbo langu ni la kukopesha, linatoa na kurudishiwa. Siku mbili kabla alipita nje ya dirisha akaniuliza kwa sauti kama nimeshapata sanda, au anikatie ya kwake.

Basi ulipopotea tu kwenye kona, nilimwogesha Zuberi, nikamvalisha ile suti ya Idi yenye vifungo vya dhahabu, nikampaka mafuta mpaka vipele vikang'aa, nikambeba. Nilivuka njia panda pale pale ulipomwaga maji. Nikaenda mpaka uani kwa Mama Shija nikamketisha mtoto wangu kwenye mkeka wake. Nikamwambia haya, hii sanda yako umekatia nani? Alishtuka, akacheka, maana si mtu mbaya yule, ni mdomo tu, hata akafurahi. Akaleta uji. Shija akaja akaketi karibu na mwenziwe, wakanywa kikombe kimoja wanapokezana, Zuberi anakohoa, Shija anamwiga kukohoa, sisi mama zao tunacheka. Nilikaa pale mpaka jua likawa kali. Kwa nini nilikaa sana? Kwa sababu alikuwa anamsifu. Alisema kijana wako ana macho ya mtu mkubwa.

Ulirudi jioni ukamkuta kitandani, suti nimeshaificha. Na siku ile Shija alipoanza kuwaka moto, wakaja kukuita, ukamwosha yeye pia kwa majani yale yale, naye akafia mikononi mwako, ulirudi ukakaa kizingitini mwangu na beseni tupu. Uliniuliza, Zaituni, mtoto alitoka? Nikaapa kwa Mwenyezi Mungu hajatoka. Ukaniuliza mara ya pili. Nikaapa tena, na juu yake nikakasirika.

Tangu siku ile hukuosha tena mtoto wa surua. Uliwaambia watu mkono wako una kasoro, wawapeleke zahanati. Nilisikia, nikajua maana yake. Ulifikiri labda kweli ulimwaga vibaya. Miaka ishirini nimekuacha ulale na hilo, na mimi nikalala vizuri, nikaja Uarabuni, nikajenga nyumba ya bati, nikasomesha, nikajisifu. Na nilipomwambia Latifa ugonjwa ulikwenda kwa jirani, nadhani ulimi wangu ulijua unachosema. Ugonjwa ulikwenda kweli. Niliupeleka mimi, nimeuvalisha nguo za Idi.

Sijui nikuombe msamaha wa lipi kwanza.

Kuna moja jingine, na hili nimelifanya juzi. Zuberi alinipigia tena akasema anakuja Itundwe, atasimama mbele yao na koti lake awaeleze surua ni nini, akauliza siku. Nikamdanganya. Nimemwambia ni baada ya mwaka mpya. Wanasema uhai wake ulinunuliwa kwa uhai wa Shija, dada, wakimwona pale na lile koti jeupe watamfanya nini? Nimezika wawili. Nimepima wewe na yeye, na unaona nilipoangukia. Akijua hatanisamehe, na wewe ukitaka kumpigia umwambie ukweli, sikuzuii, namba yake nimeandika nyuma ya bahasha. Lakini nakujua hutampigia.

Salma anapanda ndege Jumapili, na Alhamisi atakuwa kwako, barua hii haitoki mkononi mwake. Amekubali kukuchukua mpaka kwa shangazi yake Tabora mjini. Ukienda watasema umekimbia kwa sababu ni mchawi, na nyumba yako wataichoma, na vyungu, na yule mama wa mimba kubwa aliyelala uani kwako sijui atazaa na nani. Ukibaki, chukua barua hii uwape. Waambie wasome yote, hata la sanda, hata la kiapo. Waambie waje wachimbe nyumba yangu ya bati, waivunje, waichome, siitaki. Nimetia dole gumba kwa wino chini ya kila ukurasa, na Salma ameshuhudia. Lakini nimekaa na jambo hili jikoni wiki nzima nikiligeuza, na naogopa watasema umeiandika mwenyewe, kwa kuwa wewe ndiye uliyenifundisha kuandika na mwandiko wetu ni mmoja. Na hata wakiamini, lambalamba wameshalipwa, hawaondoki mikono mitupu. Sijui kipi kitakuokoa. Ningekuwa pale ningesema kwa mdomo, mdomo wangu huo huo. Mimi niko hapa, kafili yuko jangwani, na kesho kuna wageni thelathini wa kuonja vyakula vya harusi.

Salimia wote wanaoitika salamu yangu. Salimia kaburi la mama, lipalilie kama nyonga inaruhusu. Mama wa mimba mwambie asinyanyue ndoo. Kwenye mfuko wa Salma kuna kanga mbili, miwani ya kusomea, na picha ya Zuberi amevaa koti, nyuma ameandika kwa mkono wake: kwa Mama Mkubwa, daktari wangu wa kwanza. Aliandika kabla ya haya yote.

Siku yenyewe ni Jumamosi, tarehe kumi Desemba, tangu saa mbili asubuhi, uwanja wa shule. Wanatakiwa wote.

Mdogo wako,
Zaituni